Blauzi ya Mafundi Wanne

Tarehe 4 Machi

Kiroboto,

Miezi saba hujatia mguu hapa. Hivi huko uliko barabara ni za kwenda tu, za kurudi hazijachongwa? Hata fundi wa paa niliyemfukuza kwa matusi ameshapita kunijulia hali mara mbili. Wewe niliyekufunga nepi, wewe uliyekuwa unanirukaruka mapajani mpaka nikakupa jina la kiroboto, unanipigia simu Jumapili dakika nne, unaniambia "niko salama bibi", unakata. Salama gani hiyo ina haraka hivyo?

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu iko mezani kwa baba yako mdogo, na masikio yake yako mezani pamoja nayo. Barua nampa dereva wa lori la saruji, anayeleta mzigo hapa dukani na kurudi huko kwenu. Wewe jibu kwa njia hiyo hiyo. Usiniletee habari za kwamba siku hizi barua hakuna mtu anaandika. Mimi sikuingia darasani hata siku moja. Herufi nilifundishwa na babu yako ili niandike vipimo vya wateja, kifua, kiuno, kiwiko, na bado naandika. Wewe uliyesoma hutashindwa.

Haya, la kwanza. Baba yako mdogo amesema nafasi ya kaunta dukani kwake anakushikia mpaka mwisho wa Aprili. Ukiwa hujapata hiyo kazi yako ya kompyuta, unarudi kuuza misumari na bawaba. Amelisema mbele ya wageni, kwa hiyo halirudi nyuma tena.

La pili ndilo lililonikosesha raha. Jumapili iliyopita ulisahau kukata simu. Nilikaa nayo sikioni. Nikakusikia unasema, "Nafungua katikati, natupa nusu ya kushoto, nabaki na nusu ya kulia." Halafu sauti ya mwanaume, tena nzito, si ya kijana, ikasema, "Na hiyo nusu uliyoitupa, una uhakika gani nayo?"

Unatupa nini, mtoto wewe? Mali ya nani? Na huyo mwanaume ni nani?

Machale yananicheza. Nijibu, na usinipake mafuta.

Bibi yako

*

Tarehe 9 Machi

Bibi yangu,

Shikamoo. Nimekosa, nimekosa, nimekosa. Sasa nisikilize.

Situpi mali ya mtu. Nilikuwa nafanya mazoezi ya usaili. Wasaili wa kazi hizi hawataki tu uandike programu ikafanya kazi. Wanataka wakusikie unavyofikiri. Unaandika huku unajieleza, kama mtu anayeongea peke yake barabarani. Swali lenyewe lilikuwa hivi: una orodha ya majina milioni yaliyopangwa kwa herufi, mtafute mtu mmoja kwa haraka. Ukianza jina la kwanza utazeeka. Unafungua katikati, kama jina lako liko mbele zaidi, nusu ya nyuma yote unaitupa, huiangalii tena. Ndiyo hiyo nusu uliyoisikia. Hakuna aliyeumia.

Mwanaume uliyemsikia ni mwenzangu wa mazoezi. Tulikutana kwenye kundi la mtandaoni la watu wanaotafuta kazi ya kwanza kama mimi. Mara tatu kwa wiki yeye ananisaili, halafu mimi namsaili yeye. Ni mkali. Nikisema "nadhani", ananirudisha mwanzo. Uso wake sijauona, kwa sababu kamera yake huwa ameizima, lakini nimezoea.

Bibi, usaili sita nimeanguka. Sikukuambia. Wa tatu waliniuliza udhaifu wangu ni nini, nikasema sina, nikaona wanaangaliana. Wa tano nilijibu kila kitu, wakasema wanataka mtu wa kazi ya kuanzia mwenye uzoefu wa miaka mitatu. Nikacheka, wao hawakucheka.

Lakini sasa kuna kampuni moja kubwa nimepita hatua ya kwanza. Ya pili ni jaribio la kufanyia nyumbani, siku sita. Mwenzangu naye amepita hukohuko, na kila tukikutana ananiuliza mimi nimepewa jaribio gani. Sijamwambia. Kampuni imeandika kwa herufi nzito kwamba ni marufuku kujadili jaribio na mtu yeyote.

Mwambie baba mdogo bado Aprili haijaisha.

Mjukuu wako,
Kiroboto

*

Tarehe 14 Machi

Kiroboto,

Hilo la kufungua katikati nimelielewa. Nalifanya kwenye daftari la vipimo tangu baba yako hajaanza shule, na hakuna kampuni iliyoniita.

Usaili sita ukaanguka peke yako, ukanificha. Tutaongea ukija. Leo nina jambo jingine.

Mwanaume anakusikiliza mara tatu kwa wiki. Anajua unavyofikiri, maana ndiyo kazi yenyewe, unafikiri kwa sauti yeye anasikia. Anajua unapokosea. Yeye hujui hata kama ana pua. Na sasa mko kwenye foleni moja, mnagombea mlango mmoja, na anakudodosa umepewa nini. Unataka nikuchoree picha?

Nilipokuwa na mashine yangu pale sokoni, jirani yangu wa kushoto alikuwa mtu mzuri kupita kiasi. Anakuja na kigoda chake, anakaa, anasifia kola zangu, anauliza hapa umekunjaje, hapa umepitishaje. Baada ya wiki tatu kola zangu ziko dirishani kwake. Anayeuliza unavyofanya huku akikusifu, mwangalie mikono.

Mkate huyo. Leo. Usimweleze sababu, maana ukianza kueleza atakujibu, na mtu wa sauti nzito ana majibu. Wanaotaka kukuajiri wamekwambia ufunge mdomo, funga. Angalau wao wana mlango na jina juu ya mlango.

Nimekutumia soksi. Usiseme huko hakuna baridi. Miguu yako naijua mimi.

Bibi yako

*

Tarehe 19 Machi

Bibi,

Shikamoo. Soksi zimefika, dereva alizifunga pamoja na risiti za saruji, zina vumbi lakini zinavalika.

Nimemkata. Nilimwandikia mstari mmoja kwamba sitaendelea na mazoezi. Akajibu, "Sawa. Ila kabla hujatuma jaribio lako, naomba tuongee dakika tano." Sikumjibu. Aliandika tena siku iliyofuata, nikamfungia kabisa asinipate. Sikujisikia vizuri, nakwambia ukweli. Siku niliyoanguka usaili wa tano ndiye aliyekaa na mimi saa nzima tukirudia swali moja mpaka nikalipata. Lakini umesema ulichosema, na mimi pia nilishaanza kumtilia shaka.

Jaribio nimemaliza na kulituma. Bibi, natamani ungeliona. Ni programu ya zahanati. Mgonjwa anachagua daktari, anaona siku zilizo wazi, anashika nafasi, anapewa namba yake. Wagonjwa wawili wakibonyeza nafasi moja kwa wakati mmoja, mmoja tu anaipata na mwingine anaombwa radhi kwa adabu. Hapo pekee palinila siku mbili. Wao walinipa kila kitu kingine: jina la zahanati, nembo yake, rangi za milango, hata majina ya madaktari na zamu zao.

Wamefurahi sana. Wamesema kazi yangu ni safi kuliko waombaji wengi, ndiyo maana wananiongeza hatua ya mwisho: niongeze sehemu ya mgonjwa kuahirisha na ya daktari kuona ratiba ya wiki. Siku tatu. Zinaanza tarehe ishirini na mbili.

Bibi, naona kama safari hii naingia. Usimwambie baba mdogo bado, lakini wewe jua.

Kiroboto

*

Tarehe 23 Machi

Kiroboto,

Simama hapo ulipo. Dereva yuko mlangoni anapiga honi, kwa hiyo nitaandika upesi, na wewe usome polepole.

Mtu anayetaka kukupima anakupa kitambaa kisicho na mwenyewe. Anakwambia shona kola, nione mshono. Ukimaliza anaigeuza, anavuta uzi, anakurudishia au anaitupa. Hakupi vipimo vya mke wake. Wewe umepewa jina la zahanati na majina ya madaktari na zamu zao. Hicho si kipimo. Kuna mtu ameagiza hiyo nguo na anasubiri kuivaa.

Kulikuwa na karakana moja, zamani, kabla baba yako hajatambaa. Niliambiwa habari zake. Karakana ile ilikuwa imetundika kibao, "Tunatafuta washonaji", na kibao hakikushuka mwaka mzima. Wasichana wanakuja kila asubuhi. Anatoka msichana mmoja mwenye mtoto mgongoni, mtoto anakohoa kifaduro, anawagawia vipande: wewe mkono wa kulia, wewe wa kushoto, wewe kola, wewe vifungo na tundu zake. Kila mmoja anakaa kona yake, anashona kwa roho yake yote, maana anataka kazi. Wanakatazwa kuongea. Jioni wanaambiwa mtaitwa. Hawaitwi. Na blauzi ziko dirishani, moja ina mafundi wanne na hakuna hata mmoja aliyeajiriwa.

Umeelewa kwa nini wanakataza kuongea?

Sasa lililo gumu. Yule mwanaume asiye na uso, aliyekuwa anauliza umepewa nini, huenda alikuwa anauliza hilihili. Mimi ndiye niliyekwambia umkate. Nilimwangalia mikono yeye, nikasahau kuangalia mikono ya wenye mlango. Nimekosea, na nakuandikia mwenyewe kwamba nimekosea. Iweke barua hii, huenda usipate nyingine ya namna hiyo.

Mtafute. Mwombe radhi, mwambie bibi yangu ana domo. Halafu wekeni vipande vyenu pamoja. Hiyo ya siku tatu usiitume.

Bibi yako

*

Tarehe 31 Machi

Bibi,

Shikamoo. Barua yako ilinikuta nimebakiza saa moja kutuma ile ya siku tatu. Sikutuma. Ile ya kwanza ilishakwenda.

Nilimfungulia mwenzangu, nikamwomba radhi, nikamwambia yote, pamoja na domo lako. Akasema, "Bibi yako alikuwa na haki. Mimi pia nisingemwamini mtu asiye na uso." Tukakubaliana kukutana maktaba, chumba cha kusomea, meza ya dirishani.

Nilipofika nikatafuta kijana. Hakuna kijana. Kuna mtu mzima mwenye mvi za kidevuni na miwani iliyofungwa kwa waya, amenisimamia kama mwalimu. Ana miaka arobaini na minane. Alikuwa fundi redio mpaka watu wakaacha kutengeneza redio, akaanza kujifunza programu kwenye kompyuta ya mwanawe. Anasema kila alipowasha kamera kwenye usaili wa kazi za kuanzia, alimwona msaili anashusha macho kutazama karatasi ya miaka yake. Ndiyo akazoea kuizima, hata kwa sisi wenzake. Nilimwita mjomba bila kufikiri, akacheka.

Alikuwa ameleta jaribio lake. Lake ni la malipo ya zahanati. Zahanati ileile, Bibi, nembo ileile. Programu yake ilikuwa inasubiri namba ya nafasi ya mgonjwa, yenye tarakimu tisa, herufi mbili mbele. Namba ambayo programu yangu inatoa. Tuliziunganisha pale mezani zikashikana kama zilikatwa na mkasi mmoja. Siku mbili baadaye tukawapata wengine wawili kwenye lile kundi letu la mtandaoni, mmoja alipewa mafaili ya wagonjwa, mwingine ujumbe wa kuwakumbusha. Mafundi wanne. Sikujua nicheke au nivunje kitu.

Na sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hili ndilo limenifanya nikae siku mbili bila kukuandikia.

Juzi kampuni ilinipigia. Hawajui kwamba tunajua. Ile ya siku tatu wamesema nitaimalizia ofisini, maana nimepata kazi. Kazi ya kweli, yenye mkataba na meza na kitambulisho. Nianze tarehe kumi na tano Aprili. Nikauliza nitafanya nini. Wakasema nitakuwa msimamizi wa majaribio: nitachukua kazi za wateja, nizigawe vipande, niwape waombaji, nikusanye na kuviunganisha. Walisema wamenichagua kwa sababu mkono wangu ni safi na nina adabu, waombaji wataniamini.

Mjomba fundi redio hakunishauri chochote. Alisema, "Ungekuwa mwanangu ningejua la kukwambia, na sina hakika lingekuwa la haki." Nikikataa, Aprili inaisha, narudi kwenye misumari, na baba mdogo atanitazama kila asubuhi kama bidhaa iliyorudishwa. Nikikubali, mwaka mmoja tu, nikishakuwa na uzoefu naondoka. Watu wangapi wameanza pabaya?

Na kuna jambo jingine. Uliandika kwamba habari za ile karakana uliambiwa. Nani alikuambia? Nimeisoma barua mara nyingi. Mtu anayehadithiwa anakumbuka blauzi, anakumbuka kibao. Hakumbuki kwamba mtoto mgongoni alikuwa na kifaduro. Baba alikuwa ananisimulia kwamba kifaduro kilitaka kumwondoa kabla hajajifunza kutambaa.

Bibi, usinipake mafuta na wewe.

Kiroboto

*

Tarehe 6 Aprili

Mjukuu wangu,

Nilifikiri nimezaa watu wasiosikiliza. Kumbe mmoja anasikiliza hadi kikohozi.

Ndiyo. Yule msichana ni mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Babu yako alikuwa amekwenda kutafuta kazi na hajulikani yuko wapi, baba yako mgongoni anakohoa mpaka anageuka rangi. Nilifika pale kama wengine, nikapewa mkono wa kulia wa blauzi, nikaushona. Mwenye karakana akaugeuza, akavuta uzi, akasema mkono wangu ni safi. Akanichukua. Nilipiga magoti nikashukuru. Kesho yake akanipa kapu la vipande na kuniambia kazi yangu ni kugawa. Akasema wanakuamini kwa sababu una mtoto.

Sikuelewa siku ya kwanza. Siku ya pili nilielewa. Siku ya tatu nilikwenda tena. Nilikwenda miezi kumi na moja.

Nilijiambia kama wewe: nikishapata mashine yangu, naondoka. Na kweli nilipata, na kweli niliondoka. Mashine iliyomsomesha baba yako, iliyomfungulia baba yako mdogo duka, imetoka kwenye kapu lile. Sikudanganyi kwamba haikunifaa. Ilinifaa sana. Hapo ndipo ubaya wake ulipo.

Kulikuwa na mmoja, msichana aliyekuwa anashonea mkono wa kushoto. Alikuja mara tatu. Mara ya kwanza nilimpa kola, ya pili mfuko, ya tatu tundu za vifungo. Kila mara alikuwa ananiuliza kama mtoto amepata nafuu. Mara ya tatu alimletea kipande cha flaneli cha kufunika kifua. Baadaye nikamkuta dirishani, anatazama blauzi, akaniambia, "Kola ile ni yangu. Mimi nakunja uzi kinyume, mwingine hakunji hivyo."

Nilikuwa najua ni yake. Nilikuwa nimeipokea kwa mikono hii. Nikamwambia kola zote zinafanana, mama, nenda kapumzike.

Alinitazama. Hakunitukana. Aliitazama flaneli kifuani mwa mtoto, akaenda.

Sasa ndiyo unajua kwa nini nikiona mtu anasifiwa mkono safi natafuta kapu limefichwa wapi. Nilimshuku fundi redio wako, nilimshuku jirani wa kigoda, nimemshuku kila aliyewahi kunichekea tangu siku ile, kwa sababu mimi nilikuwa nawachekea wasichana wale na walikuwa wananiamini.

Sikuamrishi. Ningekuamrisha ningekuwa mwongo, mimi niliyekula matunda yake. Nakwambia tu kinachokuja: wa kwanza watakuumiza roho, wa kumi utawazoea, wa hamsini utawaona ni wajinga kwa kukuamini. Hapo ndipo nilipojiogopa.

Chagua wewe. Utakachochagua, mlango huu ni wako na sahani yako iko kabatini.

Bibi yako

*

Tarehe 17 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako siku nne kabla ya kujua niseme nini. Sina hasira. Siku ya kwanza nilikasirika. Halafu nikakumbuka ulikuwa na miaka kumi na tisa, mimi nina ishirini na mitatu na sina mtoto anayekohoa.

Nimekataa.

Nilikwenda mwenyewe, tarehe kumi na nne, kabla ya kuanza. Ofisi nzuri, viti vinazunguka. Nilimwambia meneja kwamba nimeona sehemu nne za zahanati zikiwa pamoja, na kwamba sitazigawa nyingine. Hakubadilika hata rangi. Alisema kila kampuni inafanya hivyo, na kwamba nikishakomaa nitaelewa. Nikamwambia kuna mtu amekomaa miaka sitini na bado anaelewa vingine. Alifikiri namtisha na mwanasheria, akaniuliza ni wakili gani. Nikaondoka.

Sisi wanne tumeandika yaliyotupata kwenye lile kundi, kipande kwa kipande, na majina yetu chini. Mjomba fundi redio ameweka na picha yake, mvi na miwani ya waya. Waombaji tisa wameshajitokeza kusema na wao walipewa vipande.

Habari nyingine. Kuna ofisi ndogo ya watu watano, juu ya duka la vioo. Waliniita. Mama mmoja akaniwekea programu iliyoharibika, akavuta kiti, akakaa ubavuni kwangu, akasema dakika arobaini, ongea huku unatafuta. Nilipokwama nikamwambia nimekwama, sijui, na nikaeleza ningetafuta wapi. Akaandika kitu. Tulipomaliza akaifuta yote mbele yangu, akaniuliza nimewahi kukosea nini kikubwa. Safari hii sikusema sina. Nilimwambia nilimkata mtu mwema kwa sababu nilikuwa namshuku asiyestahili.

Wameniita tena kwa hatua ya mwisho, tarehe ishirini na tisa. Tuko wawili tuliobaki kwa nafasi moja. Kwa hiyo huenda nikapata, huenda nikaja kuuza misumari. Hiyo tarehe ni siku moja kabla ya baba mdogo kufunga mlango wake. Naogopa, Bibi, lakini nalala.

Kiroboto

*

Tarehe 25 Aprili

Kiroboto wangu,

Jana baada ya duka kufungwa nilimwita baba yako mdogo, nikamwambia akae chini. Nikamwambia ile nafasi ya kaunta asikushikie tena, ampe mwingine. Akasema, mama, mtoto hajapata kazi bado. Nikamwambia najua. Akasema nimeharibika akili, mtu anafunga mlango wa nyuma kabla wa mbele haujafunguka. Nikamwambia akikushikia mlango wa nyuma utaingia kwenye usaili huku unatazama nyuma, na huyo mama wa juu ya duka la vioo ataona shingo yako imepinda.

Halafu nikamsimulia karakana. Yote, na kapu, na kaka yake mgongoni, na duka lake lilikotoka. Hakuwahi kujua. Alikaa muda akitazama rafu za misumari kama ameziona leo. Mwisho akaniuliza kitu kimoja tu: "Yule wa mkono wa kushoto, yuko hai?"

Hilo swali miaka yote sikujiuliza, Kiroboto, nilikuwa nimeshaamua amekufa kwa sababu ndivyo ilivyonifaa. Asubuhi baba yako mdogo akaanza kuuliza madereva na wateja, na si unajua mdomo wake, kwa mara ya kwanza umefanya kazi ya maana. Yuko hai. Anaishi mtaa wa nyuma ya kiwanda cha magodoro, kwa binti yake, na bado anashona. Miaka yote hiyo tumeachana mwendo wa saa moja kwa miguu.

Nimemtumia mtu aniulizie kama naweza kwenda. Jibu lake lilikuwa fupi: "Mwambie aje, nimtazame."

Sijui anataka kunitazama vipi. Nimejaribu kujishauri nisiende, nikasema miguu inauma, nikasema amezeeka asisumbuliwe. Hoja zote ninazo na zote nazishuku.

Kwa hiyo njoo Jumamosi ya tarehe tatu Mei, asubuhi. Ukiwa umepata kazi njoo, ukiwa umekosa njoo vilevile, na usinipe jibu mlangoni, sitakuwa na nafasi ya kulisikia. Mlete na fundi redio wako, namdai uso wake, lakini yeye tutamwacha hapa na baba yako mdogo watengeneze redio ya dukani. Mimi na wewe tutakwenda kwa miguu, vaa viatu visivyobana. Tukifika utakaa karibu yangu. Nikishindwa kusema usinisemee. Akinifukuza usimjibu, hata neno, nishike tu mkono tutoke pole pole. Na akisema nikae, wewe nenda kasimame nje, utuache.

Bibi yako